Kadi ya Picha ya Bei ya Mbuzi Mmoja

Tangu nilipokabidhi funguo za karakana sijaweza kukaa kitini mpaka kikombe cha chai kiishe. Nainuka, nazunguka nyumba, nawasha redio ambayo haina ubovu wowote, naizima. Binti yangu ananiambia, "Mama, umestaafu, pumzika." Nimejaribu. Kupumzika nako ni ufundi, na huo hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo nimeamua kuandika, nikiwa nimesimama kwenye meza ya jikoni, kwa ajili yenu mliobaki na bisibisi mkononi. Vyeo sitavitaja, ni vichache na mtacheka. Nitawaeleza habari za kadi moja ya picha, ya bei ya mbuzi mmoja, na kosa nililolifanya nayo katika mwaka wangu wa mwisho kazini, wakati ambao watu walidhani sikosei tena.

Lazima nianze na Fundi Athumani, maana yeye ndiye aliyenionya kuhusu kosa hilo kabla kompyuta hazijafika huku kwetu.

Duka lake lilikuwa Mugumu, chumba kimoja, upande huu cherehani ya mkewe, upande ule redio. Baba yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo, lakini Athumani mwenyewe alizaliwa papa hapa na Kikurya alikimudu kuliko baadhi ya shangazi zangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopelekwa kwake. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya redio mbovu na kuninyang'anya bisibisi.

"Isikilize kwanza, Robi," alisema. "Ukifungua kabla hujasikiliza, utatengeneza kitu ambacho hakikuharibika."

Nilisikiliza mikwaruzo kutwa nzima. Jioni kichwa kikiniuma nilimwambia ubovu uko kwenye kitufe cha kuongeza sauti, akanirudishia bisibisi bila kunisifu. Kusifu hakukuwa desturi yake.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Redio ikishapona hakumpa mwenyewe pale dukani. Aliifunga kwenye sanduku la mbao nyuma ya baiskeli yake, kwa mpira mwekundu aliouchana kutoka tairi la ndani, akaendesha mpaka nyumbani kwa mteja, wakati mwingine mpaka Issenye, ili aijaribu huko huko. Niliona anapoteza muda. Nilimwambia hivyo, nilikuwa na mdomo. Akanijibu, "Redio haitaishi dukani kwangu. Itaishi kwake, na betri zake, na mahali pake. Mpaka ilie kule, sijaitengeneza."

Nilikaa naye miaka sita. Siku niliyomwambia nimepata nafasi chuo cha ufundi alikuwa anachomelea waya. Hakuinua kichwa. Alisema, "Nenda," na moshi wa risasi ukaendelea kupanda. Nilipohitimu nilimtumia barua ya mwaliko. Siku ya mahafali niliangaza macho kila upande, sikumwona. Kaka yangu alikuwa amemlipa mtu wa kamera, na mkanda ulipokuwa tayari niliuangalia kwenye televisheni ya jirani mara nne, safu kwa safu, sura kwa sura. Hakuwepo.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sina haraka ya kumaliza. Niliacha kupita dukani kwake. Nikienda Mugumu nilizunguka kwa njia ya sokoni. Baada ya miaka miwili akafariki. Nilikwenda msibani, nikakaa na akina mama kama mgeni tu, na mkewe aliniangalia sana. Sikuuliza. Nilirudi na hasira yangu nikaiweka mahali pake.

Basi, kazi. Niliajiriwa wilayani kutengeneza vifaa. Tulianza na taipureta na mashine za kurudufu zilizotupaka wino mpaka kwenye nyusi. Kompyuta za kwanza zilipofika zilifunikwa vitambaa vya kufumwa na tukakatazwa kuziwasha, eti zitachakaa. Baadaye zikagawiwa mashuleni na mimi nikawa mtu wa kupanda bodaboda na begi mgongoni. Adui yangu mkubwa huko hakuwa virusi, alikuwa vumbi. Ikoma nilifungua kompyuta iliyozimika, nikakuta mjusi amejikausha ndani ya saplai ya umeme, amelala vizuri kabisa. Mwalimu aliniuliza kama anaweza kumtumia kwenye somo la baiolojia. Nilimpa. Toka siku hiyo nazichukia feni: kila penye feni panavuta vumbi, na penye vumbi nitarudi tena.

Miaka ikaenda hivyo. Nilihamishiwa Tarime, nikawa na kompyuta yangu ya mtumba nyumbani, na watu wakajua kwamba kuna mama anayetengeneza vitu. Ndipo Wegesa akaja.

Wegesa alikuwa mjane wa Genkuru. Mumewe, Magige, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alikuja karakana asubuhi, akasimama mlangoni akiwa ameshika kadi ndogo ya kumbukumbu ya kamera, ameifunga kwenye kona ya kanga kwa mafundo matatu.

"Dada, humu yumo mume wangu," aliniambia. "Anaongea."

Nilimpa kiti, hakukikalia. Alinieleza akiwa amesimama. Kabla hajaugua, Magige aliita watu nyumbani kwake kushukuru kwa mavuno, na mbele yao akasema shamba la bondeni ni la Wegesa na watoto wake. Mpiga picha wa harusi wa pale kijijini alirekodi yote. Sasa kaka mkubwa wa marehemu, Mwita, alikuwa amelitaka shamba hilo. Kwa kawaida ya ukoo wao, mtu hawezi kumpa mkewe shamba la boma bila kaka mkubwa kuwepo na kuitikia. Mwita alikuwa anasema hakuwepo.

"Alikuwepo?"

"Alikula na supu akaongezewa."

"Walioona je?"

"Wanawake wenzangu. Na wanaume wawili, wa upande wa Mwita. Hao wamesahau ghafla."

Wazee wa ukoo walikuwa wamepanga kikao, kile tunachokiita ritongo, na walikubali kuiona hiyo video kwa sharti moja. Hawakutaka simu. Simu ikizunguka, walisema, kila mtu anaona cha kwake. Walitaka kitu kikubwa, wote waone kwa pamoja mara moja. Televisheni kubwa pekee kijijini ilikuwa ya kibanda cha mpira, na tundu lake la flashi lilikubali nyimbo tu.

Kwa hiyo ilikuwa lazima kompyuta iunganishwe na televisheni, na kompyuta ninayoweza kuibeba ilikuwa ile ya kwangu. Nilipoifungua ile video ikawa inakwama. Magige anafungua mdomo, anaganda, sauti inaendelea, kisha anaruka kama panzi mpaka mwisho wa sentensi. Kamera ilikuwa mpya na ilibana faili kwa mtindo mpya, prosesa yangu ilikuwa kuukuu na ilihema. Tena kompyuta ile haikuwa na tundu la HDMI, lile la waya wa televisheni. Kwa hiyo ilihitajika kadi ya picha, kile kibao kinachopachikwa ndani ya kompyuta kusukuma picha kwenye kioo, na Wegesa alikuwa na uwezo wa mbuzi mmoja. Alisema hivyo hivyo: "Ninaye mbuzi mmoja wa kuuza, dada. Yule mwenye mimba simuuzi."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wenu mnapopotea. Nilikwenda duka moja la vifaa Tarime mjini. Muuzaji alikuwa mtu wa kwenda na kurudi Sirari, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshavuka mpaka.

"Madam, chukua hii," akaniwekea kadi yenye feni mbili, kubwa kama kitofali. "Iko na nguvu mbaya. Ni ya magemu."

"Nani kakwambia nacheza gemu?"

"Lakini memori ni mingi, madam. Angalia boksi."

Nililiangalia. Yale maandishi makubwa ya memori kwenye boksi yamewafilisi wengi. Video haihitaji memori kubwa. Inahitaji kadi inayoujua mtindo wa faili lako na kulifungua yenyewe, ili prosesa ipumzike. Kadi ya zamani yenye memori tele, kama ilitengenezwa kabla ya mtindo huo, itakwama vile vile. Halafu lile dude la feni mbili lilitaka waya wake wa umeme, na saplai yangu isingeliweza hata dakika kumi, hasa kwa umeme wa huku unaopanda na kushuka unavyotaka. Nilimwuliza kama ana kadi fupi, isiyo na feni, inayokula umeme wa ubao mama tu, yenye tundu la HDMI. Alikwenda nyuma, akakaa sana, akarudi nayo imejaa vumbi.

"Hii haina mtu anaitaka," alisema.

"Ndiyo maana naitaka."

Ilikuwa bei ya mbuzi mmoja, na chenji ya waya. Niliipachika, nikaiwekea programu yake, nikacheza video kwenye monita yangu ya karakana. Magige akaongea kama maji ya mtungi, bila kukwama hata silabi. Niliirudia siku tatu. Niliangalia midomo yake, mkono wake, moshi wa sufuria nyuma yake. Pembeni kabisa kulikuwa na mtu amekaa kwenye kigoda, fimbo ameibana kwapani. Sikumjali. Mwita nilikuwa sijamwona maishani, na kazi yangu ilikuwa kukwama kwa picha, si watu. Nilijisifu, nawaambia ukweli. Nilijiona nimemaliza.

Siku ya kikao mvua iliharibu barabara na nikafika Genkuru wazee wameshaingia. Ilikuwa kioja kuwaona mle kibandani, na fimbo zao na vigoda, chini ya mabango ya wachezaji mpira. Nilikuwa nimepanga kufika mapema nijaribu na ile televisheni. Nilichomeka waya, picha ikatokea, nikasema inatosha. Wanawake tulikaa karibu na mlango. Katika ritongo mwanamke hasemi mpaka aulizwe.

Video ikaanza. Magige akasema ndani ya kibanda, kwa sauti yake, "Shamba la bondeni ni la Wegesa na watoto wake. Kaka yangu yupo hapa, amesikia." Wegesa alinishika mkono, kucha zikaniingia.

Mwita akasimama. Mtu mrefu, mtulivu. "Wazee wangu, ndugu yangu alinitegemea nitafika. Mimi nilikuwa njiani. Aliongea na kigoda kitupu. Nionyesheni mimi niko wapi."

Wakairudia. Mzee Marwa, aliyeongoza kikao, akasogeza kigoda chake mpaka karibu na kioo. Wakaangalia watu wote, mmoja mmoja. Mwita hakuwepo. Mzee Marwa akashusha pumzi, na nikaelewa kwamba anatafuta maneno ya kumpa Mwita shamba. Wegesa aliuachia mkono wangu.

Mimi nilikuwa siwezi kutulia. Kuna kitu kilinikera na sikukijua. Mwita alipokuwa anaongea alibana fimbo kwapani. Nimewahi kuiona wapi fimbo hiyo? Nikaangalia kona ya chini ya televisheni, pale mpiga picha alipoandika jina lake. Nusu ya herufi hazikuwepo. Hapo nikaelewa.

Wenzangu, televisheni nyingi zina tabia ziliyoirithi tangu zile za matumbo makubwa: huivuta picha kidogo na kuumeza ukingo wake pande zote nne. Monita haifanyi hivyo. Huwa hatugundui, kwa sababu nani anaangalia ukingo? Nilikuwa nimejaribu karakanani kwangu. Sikujaribu mahali itakapoishi.

Nilisimama. Mzee mmoja akanikemea, "Mama, kaa chini."

"Shikamoo, Mzee Marwa," nikasema. "Sisemi shauri la shamba. Naomba kusema kosa langu."

Kukiri kosa hakuna anayekatazwa. Mzee akaniangalia, akasema, "Marahaba. Sema."

Nikaeleza. Rimoti ya kuirekebisha televisheni mwenye kibanda alikuwa ameificha kwake, lakini programu ya kadi yangu ilikuwa na mahali pa kupunguza picha. Nikasogeza alama kidogo kidogo. Picha ikajikunja kuelekea katikati, na kutoka ukingoni kikatoka kigoda, goti, fimbo, kwapa, kisha Mwita mzima, bakuli la supu mkononi.

Kibanda kizima kiliguna. Mwita naye aliruka.

"Anamchora!" alipiga kelele. "Mmeona wenyewe! Mtu hakuwepo, huyu mama kasogeza mkono, mtu kawepo! Atashindwa kuchora na ng'ombe?"

Na wazee walitikisa vichwa, kwa haki. Hata mimi ningetikisa. Mashine ileile iliyomficha ndiyo iliyomleta, nani aiamini? Wegesa aliniangalia kwa macho ambayo mpaka leo yakinijia nainuka nilipokaa. Nilikuwa nimechukua mbuzi wake, na sasa nilikuwa nachukua shamba lake.

Nikakumbuka kadi ile ya kumbukumbu ilikuwa na sherehe nyingine za mpiga picha yule. Mojawapo ilikuwa uzinduzi wa kisima cha kijiji, nami nilikuwa nimeitumia kujaribia. Nikaifungua.

"Mzee," nikamwuliza Marwa, "siku ya kisima ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikaa na wageni."

Picha ikiwa imevutwa, meza ya wageni ilionekana, na Mzee Marwa hakuwepo. Wazee wakageuka kumtazama. Nikasogeza alama. Mzee Marwa akaingia kutoka ukingoni, kwenye kigoda chake hicho hicho, anapiga miayo mpaka magego yanaonekana. Nikairudisha, akapotea. Nikaisogeza tena, akarudi na miayo yake.

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia, akashindwa. Mzee Marwa hakucheka. Alimgeukia Mwita.

"Basi hata mimi sikuwepo, mura," alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Na ile nyama ya kisimani aliila nani?"

Hapo kibanda kikalipuka. Walipotulia Mzee akaamuru irudishwe ya Magige, picha ikiwa nzima. Tuliiangalia wote. Magige aliposema kaka yangu yupo, yule mtu wa ukingoni aliweka bakuli chini, akainua fimbo kukubali. Mwita hakuangalia mpaka mwisho. Alitoka nje, na hakuna aliyemwita. Shamba likabaki kwa Wegesa.

Watu walipoondoka alinisogelea. Nilitegemea anishukuru, na sikustahili. Alisema, "Dada, irudishe kidogo. Pale anapocheka. Sasa nimuangalie tu." Nikamrudishia. Nilimwacha na Magige wake nikaenda kusimama nje kwenye matope.

Kadi ilikuwa nzuri, msiichukie kadi. Kama mna hela kidogo na mnataka video kwenye televisheni, nunueni hiyo hiyo isiyotakiwa na mtu. Lakini mkishaichomeka, wekeni picha ya mstatili unaojaza kioo, yenye namba kwenye kona nne, na kama kona moja haionekani, hamjamaliza. Mimi miezi yangu ya mwisho niliimaliza kwa kuzunguka na flashi yenye mstatili huo, Issenye, Ikoma, kila shule niliyowahi kufunga televisheni, nikirudisha kona moja moja. Wakubwa wangu walidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kila nilipopita niliona watu wamerudi ukingoni.

Njiani kurudi kutoka moja ya safari hizo nilikumbuka mkanda wa mahafali yangu. Kaka alikuwa ameuhamishia kwenye CD zamani. Sijawahi kuuangalia isipokuwa kwenye televisheni, zile za matumbo makubwa.

Nilistaafu. CD ilikaa kabatini, na mimi nikazunguka nyumba. Nimewaambia sikai. Sababu ndiyo hiyo, si uzee. Nikiwa nayo mkononi nilikuwa nafika mpaka kwenye kompyuta kisha nakwenda kumwagilia mchicha uliokwisha kumwagiliwa.

Leo asubuhi, nilipofika kwenye aya ya Mwita katika maandishi haya, niliweka kalamu chini nikaiweka CD kwenye kompyuta. Nilipunguza picha mpaka kingo zote nne zikaonekana. Nikaangalia safu kwa safu, kama zamani. Fundi Athumani hayupo kwenye safu. Wala hayupo nyuma ya wazazi. Nikaanza kupumua, karibu kwa nafuu, maana hasira ya miaka mingi inaogopa kukosa kazi.

Kisha mpiga picha akageuza kamera kunifuata nikipokea cheti, na ukingoni kabisa, upana wa kidole, ukatokea uzio wa chuo. Kwenye uzio imeegemezwa baiskeli. Nyuma yake kuna sanduku la mbao, limefungwa kwa mpira mwekundu.

Nimeisimamisha picha hapo. Nikavuta kiti, nikakaa.